Christine Ladd-Franklin na Kipimo cha Silojismi

Historia ya mantiki, yaani elimu ya kupambanua hoja halali na hoja batili, husimuliwa katika vitabu vingi kwa majina machache: Aristotle katika karne ya 4 kabla ya Kristo, wanazuoni wa Kiarabu na wa Ulaya katika zama za kati, kisha, baada ya kimya kirefu, George Boole, Gottlob Frege na Bertrand Russell. Katika masimulizi hayo jina la Christine Ladd-Franklin ama halipo kabisa, ama linatajwa pembeni kama la mwanafunzi wa kike wa Charles Sanders Peirce aliyenyimwa shahada. Hata hivyo, katika makala iliyochapishwa mwaka 1883, iliyokuwa tasnifu yake, Ladd-Franklin alitoa kipimo kimoja kinachotosha kuamua uhalali wa kila silojismi, jambo ambalo wanamantiki walikuwa wamelishughulikia kwa kanuni nyingi zilizotawanyika tangu siku za Aristotle mwenyewe. Hoja ya sura hii ni kwamba mchango huo unapaswa kupimwa kwa ukubwa wake halisi, bila kufunikwa na masimulizi ya dhuluma aliyotendewa mwandishi wake na bila kutiwa chumvi na wanaomtetea.

Tatizo lililorithiwa

Silojismi ni hoja yenye kauli tatu, ambapo mbili za kwanza, zinazoitwa kauli tangulizi, huwekwa kama msingi, na ya tatu, inayoitwa hitimisho, hudaiwa kufuata kutokana nazo. Kauli hizo ni za aina nne tu: ya jumla inayokubali, kama "kila nahodha ni baharia", ya jumla inayokana, kama "hakuna baharia anayeogopa maji", ya sehemu inayokubali, kama "baadhi ya manahodha ni wazee", na ya sehemu inayokana, kama "baadhi ya manahodha si wazee". Kwa kuwa kila moja ya kauli tatu inaweza kuwa ya aina yoyote kati ya hizo nne, na kwa kuwa istilahi inayounganisha kauli tangulizi mbili inaweza kupangwa kwa namna nne tofauti, jumla ya miundo inayowezekana ni 256. Iliyo halali ni michache sana: ni 24 kwa hesabu ya zamani, ambayo inachukulia kwamba kila kundi linalotajwa lina angalau mtu mmoja au kitu kimoja ndani yake, na ni 15 kwa hesabu ya kisasa, ambayo haichukulii hivyo.

Aristotle aliitambua miundo halali kwa kuirejesha yote kwenye michache aliyoiona kuwa dhahiri yenyewe, na wanazuoni wa zama za kati waliipa kila mmoja jina, kama vile Barbara, Celarent na Festino, ili wanafunzi waikariri kwa urahisi. Pamoja na majina hayo zilikuwapo kanuni: kwamba kauli mbili zinazokana hazizai hitimisho, kwamba istilahi ya kati lazima izungumziwe kwa ujumla wake angalau mara moja, na nyingine za namna hiyo. Kanuni hizo zilifanya kazi, lakini zilikuwa nyingi na zilionekana kama zimekusanywa tu, na hakuna aliyeweza kuonyesha kwa nini ziwe hizo na si nyingine. Kilichokosekana ni kanuni moja ambayo, ikitumiwa juu ya hoja yoyote ya aina hii, ingetoa jibu la ndiyo au hapana na wakati huohuo ingeonyesha sababu ya jibu hilo.

Mwaka 1847, ambao ndio mwaka aliozaliwa Ladd-Franklin, Boole alichapisha nchini Uingereza kitabu kilichofungua njia mpya, kwa kuonyesha kwamba kauli za mantiki zinaweza kuandikwa kwa alama na kushughulikiwa kwa kanuni zinazofanana na za aljebra. William Stanley Jevons, Peirce na Mjerumani Ernst Schröder waliiendeleza njia hiyo, kila mmoja kwa alama zake. Aljebra hiyo ya mantiki ilikuwa na nguvu kubwa kuliko silojismi, lakini juu ya silojismi yenyewe ilibaki na mzunguko mrefu wa hesabu, na kanuni moja iliyotafutwa haikuwa imetamkwa.

Kutoka Connecticut hadi Baltimore

Christine Ladd alizaliwa tarehe 1 Desemba 1847 huko Windsor, katika jimbo la Connecticut nchini Marekani, akafiwa na mama yake angali mtoto, kisha akalelewa kwa sehemu na bibi yake mzaa baba. Mwaka 1866 alijiunga na chuo cha Vassar, kilichokuwa kimefungua milango yake kwa wasichana mwaka mmoja tu kabla, akafundishwa huko na mwanaastronomia Maria Mitchell, na akahitimu mwaka 1869. Fizikia ndiyo iliyomvutia zaidi, lakini maabara zilikuwa zimefungwa kwa wanawake, na hivyo akaigeukia hisabati, ambayo mtu angeweza kuifanya kwa kalamu na karatasi bila kuomba ruhusa ya kuingia popote. Kwa miaka kadhaa alifundisha shule, na wakati huohuo akatuma maswali na majawabu ya hisabati katika jarida la London lililoitwa Educational Times, akitia saini kwa jina la C. Ladd.

Saini hiyo ndiyo iliyomfungulia mlango. Mwaka 1878 alipoomba nafasi katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, kilichoanzishwa miaka miwili kabla na ambacho hakikuwa kikipokea wanawake, profesa wa hisabati James Joseph Sylvester alilitambua jina lake kutokana na jarida hilo na akausihi uongozi umkubali. Sylvester mwenyewe aliijua ladha ya kufungiwa mlango, kwa kuwa, ingawa alishika nafasi ya pili katika mtihani wa hisabati wa Cambridge mwaka 1837, alinyimwa shahada kwa sababu alikuwa Myahudi na hakuweza kuapa kwa masharti ya Kanisa la Uingereza, na Cambridge haikumpa haki yake hadi mwaka 1872. Uongozi wa Johns Hopkins ulikubali kwa masharti: kwanza Ladd aliruhusiwa kuhudhuria mihadhara ya Sylvester peke yake, na baadaye, ubora wake ulipodhihirika, akaruhusiwa kuingia katika ya wengine, ikiwemo ya Peirce, aliyeanza kufundisha mantiki hapo mwaka 1879. Kuanzia mwaka huo hadi 1882 alilipwa fedha za ufadhili kama walivyolipwa wanafunzi bora wa kiume, lakini jina lake halikuchapishwa pamoja na yao, ili isionekane kwamba chuo kimeweka desturi mpya.

Kufikia mwaka 1882 alikuwa ametimiza masharti yote ya shahada ya uzamivu, na tasnifu yake, iliyohusu aljebra ya mantiki, ilichapishwa mwaka uliofuata katika kitabu cha kazi za wanafunzi wa Peirce kilichohaririwa na Peirce mwenyewe. Shahada hakupewa. Mwanamke wa kwanza Mmarekani kupata uzamivu wa hisabati akawa Winifred Edgerton, aliyetunukiwa na Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1886. Mwaka huohuo wa 1882 Ladd aliolewa na mwanahisabati Fabian Franklin, na tangu hapo akajulikana kwa jina la Ladd-Franklin.

Kipimo chenyewe

Wanamantiki waliomtangulia walikuwa wakiuliza ni hitimisho gani linalofuata kutokana na kauli tangulizi. Ladd-Franklin alilibadilisha swali: badala ya kuuliza ni kauli gani inayofuata kutokana na nyingine mbili, aliuliza ni kauli zipi tatu ambazo haziwezi kuwa kweli kwa pamoja. Kauli tatu za namna hiyo, ambazo hapa zitaitwa utatu usiopatana, ndizo zilizokuja kujulikana pia kwa jina la antilojismi, na uhusiano wake na silojismi ni wa moja kwa moja. Kama kauli mbili zinalazimisha hitimisho fulani, basi kauli hizo mbili haziwezi kupatana na kinyume cha hitimisho hilo. Na kama kauli tatu hazipatani, basi mbili zozote kati yake zikikubaliwa, kinyume cha ile ya tatu lazima kikubaliwe.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha nguvu ya wazo hilo. Zichukuliwe kauli hizi tatu: kila nahodha ni baharia, hakuna baharia anayeogopa maji, baadhi ya manahodha wanaogopa maji. Ni wazi kwamba haziwezi kuwa kweli zote kwa wakati mmoja. Mtu akizikubali ya kwanza na ya pili, analazimika kusema kwamba hakuna nahodha anayeogopa maji, na huo ndio muundo ambao wanazuoni wa zama za kati waliuita Celarent. Akizikubali ya pili na ya tatu, analazimika kusema kwamba baadhi ya manahodha si mabaharia, na huo ni Festino. Akizikubali ya kwanza na ya tatu, analazimika kusema kwamba baadhi ya mabaharia wanaogopa maji, na huo ni Disamis. Miundo mitatu ambayo wanafunzi waliikariri kama vitu vitatu tofauti, kila mmoja katika kundi lake na kwa jina lake, inadhihirika kuwa sura tatu za jambo moja.

Ili kulitamka jambo hilo kwa ujumla, Ladd-Franklin aliziandika kauli zote kwa namna mbili tu, yaani kauli zinazosema kwamba watu au vitu vya aina fulani hawapo, na kauli zinazosema kwamba wapo. "Kila nahodha ni baharia" inakuwa "hakuna nahodha asiye baharia". "Baadhi ya manahodha wanaogopa maji" inakuwa "wapo manahodha wanaoogopa maji". Hoja inayopimwa huandikwa hivyo, isipokuwa kwamba mahali pa hitimisho huwekwa kinyume chake, kisha huangaliwa mambo matatu. La kwanza ni kwamba kati ya kauli tatu zilizopatikana, mbili ziwe za "hakuna" na moja iwe ya "wapo". La pili ni kwamba kauli mbili za "hakuna" ziwe na istilahi moja inayozishirikisha, na istilahi hiyo ikubaliwe katika moja na ikanwe katika nyingine. La tatu ni kwamba istilahi mbili zilizobaki zirudi katika kauli ya "wapo" kama zilivyokuwa, bila kubadilika kutoka kukubali hadi kukana. Masharti hayo yakitimia, silojismi ni halali. Yasipotimia, ni batili.

Katika mfano uliotolewa, kauli zinakuwa: hakuna nahodha asiye baharia, hakuna baharia anayeogopa maji, wapo manahodha wanaoogopa maji. Neno la ubaharia limekanwa katika ya kwanza na kukubaliwa katika ya pili, na yale mawili mengine yamerudi katika ya tatu bila kubadilika, kwa hiyo hoja zote tatu zinazotokana na utatu huo ni halali. Ilinganishwe na hoja isemayo kwamba kila nahodha ni baharia, na kila mvuvi ni baharia, kwa hiyo kila mvuvi ni nahodha. Ikiandikwa kwa namna ya Ladd-Franklin, inakuwa: hakuna nahodha asiye baharia, hakuna mvuvi asiye baharia, wapo wavuvi wasio manahodha. Hapa ubaharia umekanwa katika kauli zote mbili za mwanzo, sharti la pili limevunjika, na hoja imeanguka mara moja, bila kuhitaji kukumbuka orodha wala kanuni ya ziada.

Kilicho kipya na kisicho kipya

Msomaji makini anaweza kupinga kwamba wazo la kukanusha hitimisho ili kujaribu hoja lilikuwapo tangu Aristotle, na pingamizi hilo lina ukweli ndani yake. Aristotle alitumia uthibitisho wa aina hiyo kwa baadhi ya miundo, na alijua kwamba hoja moja inaweza kugeuzwa kuwa nyingine kwa kubadilishana hitimisho na kauli tangulizi huku kila moja ikipinduliwa. Lakini kwake hiyo ilikuwa mbinu ya kusaidia pale ambapo njia ya kawaida ilishindikana, wakati kwa Ladd-Franklin kutopatana ndiko kulikokuwa msingi wenyewe, na silojismi ikawa zao lake. Mabadiliko hayo ya mpangilio ndiyo yaliyowezesha kanuni moja kushika mahali pa kanuni nyingi.

Upya wa pili uko katika alama alizochagua. Peirce aliijenga aljebra yake juu ya uhusiano wa kujumuishwa, ambao una upande wa mbele na wa nyuma, kwa kuwa kusema kwamba kila nahodha ni baharia si sawa na kusema kwamba kila baharia ni nahodha. Ladd-Franklin alitumia alama yenye umbo la kabari ambayo, bila mstari juu yake, ilisema kwamba vitu viwili vinakutana kwa sehemu, na ikiwekewa mstari, ilisema kwamba havikutani kabisa. Mahusiano hayo mawili husomeka sawasawa kutoka kushoto au kulia, hivyo mpangilio wa istilahi haukuwa na maana tena, na tofauti za nafasi ambazo wanamantiki walizihesabu kwa karne nyingi zikatoweka katika maandishi yenyewe. Uchaguzi wa alama ulikuwa sehemu ya ugunduzi, kwa sababu usawa wa alama ndio ulioufanya usawa wa kauli tatu uonekane.

Ladd-Franklin aliona pia kwamba fikra za namna hii ni za kawaida katika mazungumzo ya watu, kwa sababu mtu anayebishana mara nyingi hukataa jambo kwa kuonyesha kwamba haliwezi kusimama pamoja na mengine yaliyokwisha kukubaliwa. Alitoa mfano wa mtoto mdogo aliyeambiwa na mlezi wake kwamba hakuna mtu anayekunywa supu kwa uma, na mtoto akajibu kwamba yeye anafanya hivyo na yeye ni mtu: hoja kamili, iliyotamkwa na asiyejua mantiki ni nini.

Haki inadai pia yatajwe mapungufu. Makala ya 1883 haikutoa uthibitisho kamili kwamba kipimo kinakamata kila silojismi halali na kuacha kila iliyo batili, kwa sababu nyenzo za kuthibitisha jambo kama hilo kwa ukali unaotakiwa leo hazikuwapo wakati huo. Uthibitisho huo ulitolewa na Susan Russinoff katika makala ya mwaka 1999 kwenye jarida la Bulletin of Symbolic Logic, na humo alihukumu kwamba Ladd-Franklin alikuwa amelitatua tatizo lenye umri wa zaidi ya miaka 2000. Aidha, kipimo kinahusu silojismi tu, na hakigusi hoja zinazotegemea mahusiano kati ya vitu vingi, ambazo ndizo hisabati inazozihitaji zaidi.

Sababu za kusahauliwa

Sababu ya kwanza ya kusahauliwa iko ndani ya elimu yenyewe. Frege alikuwa amechapisha mwaka 1879 mfumo wa mantiki uliopanua uwanja mbali kupita silojismi, na katika kitabu kilekile cha 1883 mwanafunzi mwenzake Ladd-Franklin, Oscar Howard Mitchell, aliweka mbegu za mfumo kama huo ambao Peirce aliukuza mwaka 1885. Ladd-Franklin alilijibu swali la kale wakati wenzake walipokuwa wakianza kuliacha, na jibu lake likaonekana dogo kwa kuwa swali lilikuwa limekwisha kuwa dogo.

Sababu ya pili iko nje ya elimu, na haina udhuru. Mtu asiye na shahada hakuweza kupewa uprofesa, na asiye na uprofesa hakuwa na wanafunzi wa kulibeba jina lake mbele. Ladd-Franklin alipata nafasi ya kufundisha Johns Hopkins mwaka 1904 hadi 1909, na baada ya kuhamia New York alifundisha Columbia bila mshahara. Mwaka 1891 na 1892 alifanya utafiti wa uonaji katika maabara za Göttingen na Berlin, akaunda nadharia ya rangi iliyojadiliwa kwa miaka mingi, na alihariri sehemu ya kamusi kubwa ya falsafa na saikolojia ya James Mark Baldwin. Alipinga kwa barua nzito uamuzi wa mwanasaikolojia Edward Titchener wa kuwafungia wanawake nje ya mikutano ya wanasaikolojia wa majaribio. Johns Hopkins ilimpa shahada yake mwaka 1926, katika sherehe za miaka 50 ya chuo, akiwa na umri wa miaka 78, miaka 44 baada ya kuistahili.

Mwaka 1927 jarida la Mind lilichapisha makala ya Eugene Shen kuhusu kanuni yake, naye akaandika katika jarida hilohilo mwaka uliofuata, lakini mjadala haukudumu, na alifariki mwezi Machi 1930. Kilichobaki katika kumbukumbu ya wengi ni mistari michache ya Russell, ambaye katika kitabu cha mwaka 1948 alisimulia kwamba Ladd-Franklin alimwandikia barua akijitangaza kuwa anaamini nafsi yake tu ndiyo ipo, na kushangaa kwamba hakuna wengine wenye imani hiyo. Wasomaji wasiohesabika wamelijua jina lake kwa kichekesho hicho, kilichochapishwa miaka 18 baada ya kifo chake, na hawakuambiwa kwamba mwenye barua ndiye aliyeikamilisha kazi ya Aristotle.

Hukumu

Kipimo cha Ladd-Franklin kina thamani inayovuka silojismi. Mwaka 1965 John Alan Robinson alichapisha kanuni ya kuifanya kompyuta ithibitishe hoja, ambayo hukana hitimisho, hutafuta kauli mbili zenye istilahi moja iliyokubaliwa upande mmoja na kukanwa upande mwingine, huiondoa istilahi hiyo, na huendelea hadi mgongano udhihirike. Robinson hakuichukua kanuni hiyo kutoka kwa Ladd-Franklin, lakini kiini chake ni kilekile cha utatu usiopatana, na kwa hiyo anayefundisha jinsi kompyuta inavyopima hoja anaweza kuanza na makala ya 1883 bila kupoteza kitu.

Nafasi inayomstahili katika historia ya mantiki ni ya mtu aliyelifunga swali lililodumu kwa zaidi ya miaka 2000, kwa kanuni moja, kwa alama zilizochaguliwa kwa busara, akiwa mwanafunzi ambaye chuo chake hakikutaka hata kulichapisha jina lake. Waandishi wa vitabu vya mantiki, na walimu wanaoendelea kuwakaririsha wanafunzi majina ya Barbara na Celarent, wanapaswa kukifundisha kipimo hiki na kukitaja kwa jina la aliyekitunga.